Chatboti iulize, wewe ujibu: mwongozo kwa wanafunzi wangu wa Historia

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Songea. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini likizo ikifika kila mmoja anarudi kwenye simu yake, au ya kaka yake, au ya mama. Kazi za likizo nazo zinarudi zikiwa na Kiingereza laini, aya zinazofanana daftari hadi daftari, na sentensi ambazo mwenye daftari nikimwuliza maana yake anaangalia chini. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, zimefuata Gemini, Claude, Copilot, na Meta AI iliyokaa humo humo ndani ya WhatsApp. Hizi ndizo chatboti, programu za akili unde unazoziandikia nazo zikakujibu. Hakuna mzazi atakayezizuia zote, na mimi sitaki zizuiwe. Nataka mwanafunzi azitumie na bado elimu ibaki kwake.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: chatboti ndiyo iulize, wewe ndiye ujibu. Wengi wanafanya kinyume. Wanaipa swali, inawapa jibu, wanalinakili, wanalala. Siku ya mtihani wa NECTA wanaingia chumbani na kalamu na namba ya mtihani tu, na hapo ndipo inajulikana jibu lilikuwa la nani.

Kabla hujawasha data

Chukua karatasi tupu. Andika swali juu. Tuseme swali ni hili: eleza sababu za Vita vya Majimaji na kwa nini wapiganaji walishindwa. Andika kila unachokumbuka bila kitabu na bila simu. Nusu ukurasa unatosha, Kiswahili kinaruhusiwa, mpangilio si lazima. Ukimaliza, pitia mstari kwa mstari: weka tiki penye uhakika, alama ya kuuliza penye shaka, na chini kabisa orodhesha usichokijua. Labda unakumbuka kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na maakida, yaani mawakala wa serikali ya Wajerumani, lakini hukumbuki vita vilianzia wapi wala Wangoni waliingia lini. Sasa una maswali yako.

Karatasi hiyo ina kazi tatu. Inakuonyesha pengo lako liko wapi, jambo ambalo chatboti haiwezi kukuonyesha kama hujaanza wewe. Inakuokolea bando, kwa sababu unaingia mtandaoni ukijua unachotafuta. Tena ni ushahidi. Andika tarehe juu yake na uitunze. Nitaeleza sababu huko mbele.

Maneno ya kuiambia

Ukiiachia, chatboti itakuandikia insha nzima hata kama hukuiomba. Imetengenezwa kukamilisha maandishi, basi inakamilisha. Lazima uiambie mapema unataka nini. Haya ndiyo maneno ninayowapa wanafunzi wangu, na wewe unaweza kuyachukua yalivyo:

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano nchini Tanzania. Najiandaa kujibu swali lifuatalo. Usiniandikie jibu. Niulize swali moja, subiri nijibu, kisha niambie jibu langu limepungukiwa nini. Nikikosea, nipe dokezo kwanza kabla ya kunisahihisha."

Halafu weka swali lako. Baada ya muda itajisahau na kuanza kuhutubia, aya tano kwa mpigo. Ikatishe: "Usinieleze. Niulize." Usione aibu kurudia.

Ukishaimudu mada, igeuze iwe mpinzani wako. Iambie: "Mimi nadai hivi. Nipinge kwa hoja nzito, moja baada ya nyingine, na usinikubalie mpaka nijitetee." Neno hilo la kutokukubalia ni muhimu, kwa sababu chatboti hizi zina tabia ya kusifu. Unaandika hoja dhaifu, zinakwambia umeandika vizuri sana. Binti mmoja wa kidato cha sita alidai Majimaji vilishindwa kwa sababu ya silaha duni basi. Chatboti ikamuuliza: kama ni silaha tu, mbona mapigano yaliyoanza 1905 yaliendelea hadi 1907? Akakwama. Akarudi kwenye kitabu, akakuta kwamba baada ya kushindwa uwanjani wapiganaji wengi waligeukia vita vya kuvizia, na kwamba Wajerumani waliwamaliza kwa kuchoma vyakula mpaka njaa ikaingia. Akarudi pia akiwa na hoja nyingine, kwamba si makabila yote ya kusini yaliyojiunga. Insha aliyoandika baada ya hapo ilikuwa yake mwanzo hadi mwisho, na nilimpa alama nzuri kwa furaha.

Kama simu ni moja na ninyi ni wanne, msione mmepungukiwa. Kaeni pamoja, mmoja asome swali kwa sauti, wengine wajibu kwa zamu kabla hamjaandika chochote. Nimeona makundi ya namna hiyo yakielewa zaidi kuliko anayejifungia peke yake na simu yake, kwa sababu mwenzako hakubali jibu la kubabaisha.

Mazungumzo yakiisha, zima simu. Chukua karatasi nyingine tupu, uandike upya jibu lote kutoka kichwani. Kisichotoka hapo hukijui bado, hata kama ulikisoma kwenye skrini dakika kumi zilizopita na ukaona umekielewa.

Kila jina, kila mwaka, kila idadi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wa Historia wanapoumia.

Chatboti imejengwa kwa kulishwa maandishi mengi mno, kisha ikajifunza kukisia neno gani hufuata jingine. Mambo yaliyoandikwa sana ulimwenguni huyapata mara nyingi. Kwa mambo yaliyoandikwa kidogo, na historia ya kusini mwa Tanzania ni mojawapo, hasa ikiulizwa kwa Kiswahili, hujaza pengo kwa kukisia. Sauti yake haibadiliki. Inapojua na inapobahatisha, inasema kwa uhakika ule ule. Mwalimu wako akiwa na shaka utamwona anasita, anakuna kichwa, anasema ngoja nikaangalie. Chatboti nayo hukupa hata jambo la kubahatisha kwa sentensi iliyonyooka.

Ipime mwenyewe. Iulize: "Kwa nini Mkwawa aliongoza Vita vya Majimaji?" Mtwa Mkwawa wa Wahehe alifariki Julai 1898, miaka saba kabla ya Majimaji kuanza. Chatboti nzuri itakwambia swali lako lina kosa. Nyingine itakupa sababu tano zilizopangwa vizuri. Fanya jaribio hilo kwa mada unayoijua, ujue unazungumza na chombo cha namna gani, ndipo uiulize usiyoijua.

Kisha chukua suala la vifo. Iulize watu wangapi walikufa katika Majimaji. Inaweza kukutajia idadi moja na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba taarifa rasmi ya Wajerumani ilitaja kama watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo haikutokana na kukosea kuhesabu. Inatokana na nani anahesabu, na kama waliokufa kwa njaa wanaingia kwenye hesabu au wanaachwa nje. Mwanafunzi wa kidato cha sita anatakiwa aandike makadirio yote mawili, aseme kila moja limetoka kwa nani, kisha aeleze kwa nini yanapishana. Kwa hiyo chatboti ikikupa namba, swali lako la pili liwe daima: "Hii ni hesabu ya nani, na nani mwingine anahesabu tofauti?" Jibu lake likathibitishe kitabuni.

Yapo na mambo ambayo inaweza kuyakosa kabisa kwa sababu ni ya karibuni. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea Novemba 1, 2023, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya. Insha juu ya athari za Majimaji isiyotaja siku hiyo imepungua. Chatboti ambayo mafunzo yake yaliishia kabla ya hapo, kama haitafuti mtandaoni, haitakwambia, na huenda isikwambie hata kwamba haijui.

Marejeo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Chatboti inaweza kukupa kitabu chenye mwandishi, mwaka, mchapishaji na ukurasa, na kitabu hicho hakipo duniani. Haya yaliwapata hata mawakili. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi ni za kweli, ikamjibu ni za kweli. Kwa sababu hiyo usimwulize shahidi huyo huyo kama anasema kweli. Nenda kwa mkutubi, nenda kwenye katalogi ya maktaba, tafuta jina la kitabu. Ukikipata, kifungue ukurasa uliotajwa, usome mwenyewe. Ukurasa ambao hujauona usiuweke kwenye marejeo yako. Kwangu hiyo ni sheria, haina msamaha.

Na wewe uliye Ruvuma, Lindi, Mtwara au Morogoro una kitu ambacho chatboti haina. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kukusanya simulizi za wazee waliokumbuka Majimaji. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vita hivyo kwa upande wetu inatokana na kazi ya vijana wale, ambao hawakuwa wakubwa kuliko ninyi kwa miaka mingi. Wazee wale hawapo, lakini wajukuu wao wapo, na kila Februari 27 wanakusanyika hapa mjini kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani katika vita hivyo. Nenda. Chatboti itumie kuandaa maswali ya kumwuliza mzee: iambie umri wake, unachotaka kujua, na ikusaidie kupanga maswali yanayoanzia mbali, ya upole, yasiyomtia maneno mdomoni. Kazi hiyo inaiweza vizuri sana. Majibu yatatoka kwa babu.

Kiingereza chako kibaki chako

Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaingia kidato cha kwanza mkakuta kila kitu Kiingereza. Mada unaielewa, hoja unayo, ila sentensi haitoki. Hapo ndipo chatboti inapovutia zaidi, na simlaumu anayevutwa. Ipo namna ya kuitumia ikakukuza.

Andika hoja zako kwa Kiswahili kwanza, kila hoja sentensi moja. Kisha ziandike kwa Kiingereza chako mwenyewe, kikiwa kimevunjika hivyo hivyo. Ndipo uchukue aya moja, si insha nzima, uipeleke na maneno haya: "Hii ni aya yangu. Usiiandike upya. Nionyeshe makosa matatu makubwa ya sarufi, nieleze kila moja kwa Kiswahili, kisha niache nisahihishe mwenyewe." Nasema matatu kwa sababu orodha ya makosa ishirini haimfundishi mtu chochote. Makosa yanayojirudia yaandike nyuma ya daftari. Mwanafunzi akigundua kwamba kila mara anaweka wakati uliopita mara mbili baada ya "did", amepata kitu kitakachomfaa mpaka chuo kikuu.

Ukiiruhusu iandike upya, inanyoosha lugha na kupindisha maana. Nilisoma aya ya kijana mmoja iliyosema majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba, watu wakafa njaa. Iliporudi ikiwa imenyooshwa, ilisema njaa kali iliikumba nchi ya kusini. Kiingereza kilikuwa kizuri kuliko chake, na aliyechoma hayumo tena. Kwa mwanahistoria hilo ni pigo kubwa, kubwa kuliko kosa lolote la sarufi. Kwa hiyo baada ya masahihisho yoyote, weka aya ya kwanza na ya pili pamoja, ukague: nani alifanya nini bado yumo? Hoja yangu bado ni ile? Kama kuna neno ambalo usingeweza kulieleza mbele ya darasa, litoe, rudisha lako.

Mambo ya watu usiyapeleke

Usiandike humo jina lako kamili, namba ya NIDA, namba yako ya mtihani, jina la shule, wala picha za wenzako. Usipeleke sauti ya mzee uliyemhoji bila ridhaa yake. Amekuambia wewe, hakuiambia kampuni iliyo ng'ambo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kinga ya kwanza ni kutokuandika. Masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi au mlezi. UNESCO nayo, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, ilipendekeza miaka 13 iwe kiwango cha chini darasani. Kwa hiyo mdogo wako wa darasa la nne usimwachie simu na chatboti peke yake, kaa naye.

Na kama una jambo zito moyoni, la nyumbani au la mwili wako, mtafute mtu. Mlango wangu uko wazi, na wa matroni pia.

Ukituhumiwa hukuandika mwenyewe

Sasa sababu ya kutunza ile karatasi ya kwanza. Vyuo vingi vinatumia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Programu hizo hukosea, na huwakosea zaidi watu kama sisi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu kadhaa kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine ilhali ziliandikwa na watu. OpenAI wenyewe waliondoa kitambuzi chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha.

Basi tunza rasimu zako zote, za karatasi na za kwenye simu, zikiwa na tarehe. Tunza mazungumzo yako na chatboti, usiyafute mpaka matokeo yatoke. Ukiitwa, nenda na bahasha hiyo, ueleze ulianzaje na ulibadilisha nini.

Walimu wenzangu nawaomba kwa dhati: msimhukumu mtoto kwa asilimia ya kompyuta. Mwite, mpe kiti, mwulize aya ya pili aliifikiaje. Aliyeandika atakueleza hata kwa kigugumizi. Asiyeandika naye utamjua, na hapo una nafasi ya kumfundisha. Na tubadilishe kazi tunazotoa. Swali la "taja sababu sita" tulikuwa tunalipa alama hata kabla ya chatboti bila kujua kama mtoto anaelewa. Mpe barua, picha, jengo la boma, simulizi ya bibi yake, umwambie alinganishe na kitabu.

Sema ulichofanya

Kabla ya kuanza kazi yoyote, mwulize mwalimu wa somo: hapa chatboti inaruhusiwa, na kwa kiasi gani? Kila mwalimu ana utaratibu wake, na jibu la mmoja halimfungi mwingine. Akikataa, acha. Akiruhusu, andika mwishoni mwa kazi yako maelezo mafupi ya kweli. Mfano:

"Nilitumia Gemini kuniuliza maswali ya maandalizi na kuonyesha makosa ya sarufi katika aya ya pili na ya nne. Hoja na mpangilio ni wangu. Miaka na idadi zote nimezithibitisha katika vitabu nilivyoorodhesha. Rasimu yangu ya kwanza ninayo."

Kama ilikupa hoja ambayo hukuwa nayo, itaje pia, useme umeithibitisha wapi. Sipunguzi alama kwa hilo. Ninachopunguzia ni hoja isiyo na mwenyewe. Maelezo hayo yawekwe chini ya marejeo, na rasimu ibanwe nyuma kwa stepla. Wanaorudi kutoka likizo ya Desemba walete vyote viwili wiki ya kwanza, nami nitakaa na kila mmoja kwa dakika chache anieleze hoja yake moja kwa mdomo, Kiswahili au Kiingereza, achague mwenyewe.